Kuhamisha mashine nzito shambani kwa ekstensheni za meno ya loda

Kila msimu wa kuandaa mashamba unapokaribia, maswali yanakuja yale yale. Planta imeshushwa na lori getini, meno ya loda (mikono ya kunyanyulia iliyo mbele ya trekta) yanaishia katikati ya fremu yake na upande wa pili unaning'inia. Jenereta imefika ndani ya kreti iliyo ndefu kuliko paleti ya kawaida. Haro imekaa nyuma ya ghala tangu mwaka jana na hakuna kreni karibu. Mtu ameshauriwa atafute ekstensheni za meno, yaani vyuma vinavyovalishwa juu ya meno ili kuyarefusha, amezinunua au ameziazima, na sasa anauliza mambo mawili: zinavalishwaje, na zinabeba kilo ngapi?

Swali la pili nalijibu kwanza, kwa sababu ndilo linaloumiza watu. Ekstensheni haziongezi nguvu hata ya kilo moja. Zinaongeza urefu tu, na urefu huo unakula nguvu uliyonayo. Loda inayonyanyua tani moja kwa meno mafupi inaweza kuinua matairi ya nyuma ya trekta kwa mzigo wa nusu tani uliosogea mbele. Debe la maji ukilibeba kifuani unatembea nalo. Ukinyoosha mkono mbele, hufiki hatua tano. Nadharia yote ya kazi hii ni hiyo.

Maelezo haya ni ya trekta yenye loda ya mbele iliyofungwa meno ya paleti. Mengi yanafaa pia kwa foklifti ya shambani, na pale inapotofautiana nitasema.

Kazi zinazozifaa, na zisizozifaa

Ekstensheni ni za mzigo wenye kina kirefu lakini usio mzito kupita kiasi: planta, bomba la kupulizia dawa lenye mabawa, tanki tupu la maji, kreti ndefu, kenchi za paa la banda, haro ndogo, mashine ya kupukuchua mahindi iliyo kwenye fremu yake.

Kwa mzigo mfupi na mzito, kama injini peke yake au gia boksi, zivue. Tumia meno yenyewe na uusogeze mzigo hadi uguse fremu ya loda. Kuacha ekstensheni zimevaa kwa sababu "nitazihitaji baadaye" ni kubeba uzito wa bure mahali pabaya kuliko pote.

Usizitumie kung'olea visiki wala kusukumia mawe. Usining'inize mzigo kwa mnyororo kwenye ncha zake, maana mzigo unaobembea huvuta kila upande na ekstensheni haikutengenezwa kwa mvuto wa pembeni. Na usimpandishe mtu juu yake kuchuma parachichi au kurekebisha bati, hata kwa dakika moja.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Meno ya loda yenye muhuri unaosomeka. Mengi huwa na maandishi ubavuni mwa sehemu ya wima, mfano 1250 x 500. Maana yake jino hilo moja linabeba kilo 1,250 iwapo katikati ya uzito wa mzigo ipo milimita 500 kutoka kwenye kisigino. Kisigino ni pale jino linapopinda kutoka wima kwenda kulala.
- Ekstensheni mbili zinazofanana, zenye muhuri wa uwezo wao na kipimo cha meno yanayozivaa.
- Pini au vyuma vya kufungia ekstensheni nyuma ya kisigino, pamoja na klipu za kuzuia pini zisichomoke.
- Kitabu cha loda, au walau kibati chake kinachoonyesha uwezo.
- Uzito wa kufunga nyuma ya trekta.
- Mikanda ya racheti isiyopungua miwili. Kamba ya katani au ya nailoni haitoshi.
- Futi kamba, kalipa, brashi ya waya na kopo dogo la rangi nyeupe au ya njano.
- Mbao nene au vipande vya magogo vilivyochongwa mraba, vya kuegeshea mzigo.
- Mtu mmoja wa kukuelekeza. Awe mmoja tu, na ishara zake mzipatane kabla.
- Buti ngumu, glavu na kofia ngumu kwa wote mlio karibu na mzigo.

Kuhusu urefu: kanuni inayofuatwa sana ni kwamba ekstensheni isizidi mara moja na nusu ya jino linaloivaa. Jino la sentimita 107 linavaa ekstensheni isiyozidi sentimita 160. Jino la sentimita 120 mwisho wake ni 180. Muuzaji akikuambia ya mita mbili na nusu "itakaa tu", itakaa kweli, lakini zaidi ya nusu yake itakuwa bomba tupu lisilo na jino ndani.

Kuhusu upana: ekstensheni iingie kwa ulaini lakini isipwaye. Nafasi ikizidi sentimita moja na ushee, itacheza kushoto na kulia na mzigo utacheza nayo.

Halafu lile swali la fundi wa kuchomelea. Wengi huuliza kama fundi wa mtaani anaweza kuzitengeneza kwa chaneli au boksi. Fundi hodari anaweza kutengeneza kitu kinachofanana nazo kabisa. Ila hakuna atakayekuambia kitapinda kwa kilo ngapi, na hutajua mpaka siku kipinde. Boksi la milimita tatu ni la kutengenezea geti. Ushauri wangu ni mmoja na sitaulegeza: kwa mashine nzito tumia ekstensheni zilizotoka kiwandani zikiwa na muhuri. Na usikubali jino lenyewe la loda litobolewe au lichomelewe ili kupata mahali pa kutia pini. Chuma cha meno kimepitishwa kwenye moto kiwandani kwa kipimo maalumu, na joto la kuchomelea linaharibu ugumu huo. Ufa utaanzia hapo hapo palipochomelewa.

Hatua kwa hatua

1. Jua uzito wa mashine.

Angalia kibati cha mashine au kitabu chake. Kama havipo, ipitishe kwenye mizani ya magari. Viwanda vya sukari, maghala makubwa ya nafaka na wanunuzi wa vyuma chakavu huwa nayo. Pima lori likiwa na mashine, kisha likiwa tupu, utoe.

Usisahau kilichomo ndani. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo lile tanki la lita 1,000 lenye kizimba cha chuma, ambalo tupu lina kama kilo 60, likijaa linapita tani. Pipa la dizeli la lita 200 ni kama kilo 185 pamoja na pipa lenyewe. Mwaga kinachomwagika: maji, dawa, mbegu kwenye makasha ya planta, mbolea. Tanki lililojaa nusu ni baya kuliko lililojaa, kwa sababu maji yanakimbilia upande mmoja unapokata kona na kuvuta mashine yote.

2. Tafuta katikati ya uzito.

Katikati ya uzito si katikati ya urefu. Jenereta ina injini upande mmoja. Planta ina makasha na magurudumu nyuma ya fremu. Kwa mashine ndogo, weka bomba la chuma chini ya fremu, iyumbishe taratibu kwa mtaimbo, na sogeza bomba mpaka ipatikane sehemu ambapo haiangukii huku wala kule. Weka alama ya rangi hapo. Kwa mashine kubwa, kadiria kwa kuangalia injini, gia boksi na ekseli zimekaa wapi, halafu hatua ya 9 itakuonyesha kama umekadiria vizuri.

Amua hapa hapa utaingilia upande gani. Upande mzito ukae karibu na trekta. Kuna mashine nyingi ambazo, ukiziingilia kwa upande sahihi, hata ekstensheni huzihitaji.

3. Piga hesabu.

Chukua uwezo wa loda ulioandikwa, zidisha kwa umbali ulioandikwa, gawanya kwa umbali mpya. Umbali wote unapimwa kutoka kwenye kisigino.

Mfano: loda inanyanyua kilo 1,000 katikati ya uzito ikiwa sentimita 50. Mashine yako ina katikati ya uzito kwenye sentimita 90. Basi 1,000 mara 50 ni 50,000. Gawanya kwa 90, unapata kilo 555. Toa uzito wa ekstensheni zenyewe. Tuseme jozi ina kilo 70. Zinabaki 485. Hiyo ndiyo loda uliyonayo leo.

Hesabu hii inabana kidogo kuliko zile za wahandisi, na nimeichagua kwa makusudi. Inalinda silinda za kulaza meno na pini zake, ambazo ndizo huumia kwanza. Kama mtengenezaji wa loda au foklifti amekupa jedwali la uwezo kwa umbali mbalimbali, fuata jedwali lake. Kwa foklifti, mtengenezaji anatakiwa aidhinishe kifaa cha kuongeza, na kibati cha uwezo kibadilishwe kionyeshe uwezo mpya.

Kisha linganisha na muhuri wa ekstensheni na muhuri wa meno. Kilicho kidogo kuliko vyote ndicho mpaka wako. Mashine ikizidi hata kidogo, simama hapo. Fungua vipande vinavyofunguka uvibebe kimoja kimoja, au agiza kreni.

4. Kagua meno.

Sugua kisigino kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane, kisha angalia nyufa kwenye kona ya ndani na ya nje. Ufa mwembamba kama unywele unatosha kulitoa jino kazini. Halichomelewi, linabadilishwa.

Pima unene wa jino karibu na kisigino kwa kalipa, ulinganishe na unene wa sehemu ya wima, ambayo haisuguliwi na ardhi. Unene ukiwa umepungua kwa asilimia 10, maana yake uwezo umepungua kwa asilimia 20, na jino hilo halifai tena. Jino lililoanza na milimita 40, likifika 36, limekwisha. Mashambani hili linatokea upesi kwa sababu madereva wanayaburuza meno kwenye changarawe.

Shusha meno karibu na ardhi na uangalie ncha zake. Moja ikiwa juu kuliko nyingine kwa zaidi ya asilimia 3 ya urefu wa jino, yaani kama sentimita tatu na nusu kwa jino la sentimita 120, basi moja limepinda. Ekstensheni itaikuza tofauti hiyo na mzigo utakaa upande.

5. Vaa ekstensheni.

Egesha mahali tambarare. Panua meno kadiri fremu ya mashine inavyoruhusu, yawe na umbali sawa kutoka katikati ya loda, na ufunge loki zake. Yaweke meno sambamba na ardhi, sentimita chache juu.

Safisha ndani ya ekstensheni. Zilizofungwa chini hujaa tope likakauka, nazo haziingii mpaka mwisho. Zilizo wazi chini ni rahisi kusafisha, lakini hakikisha vyuma vyake vya kushikilia jino havijapinda.

Zinyanyueni watu wawili, mziingize mpaka zigote kwenye kisigino. Tia pini au chuma cha nyuma ya kisigino, kisha klipu. Halafu jaribu kuivuta kila moja itoke, kwa nguvu zako zote. Ikisogea zaidi ya vidole viwili, pini haijakaa mahali pake.

Pini hii ndiyo kosa namba moja. Ekstensheni isiyo na pini inaingia chini ya mzigo bila tatizo lolote. Shida inakuja unaporudi nyuma: meno yanatoka, ekstensheni zinabaki chini ya mashine. Na ikitokea mzigo uko hewani na umekanyaga breki ghafla, zinateleza na kuondoka pamoja na mzigo wote. Msumari wa nchi sita si pini. Waya wa kufungia nondo si pini.

Mwisho, chora mstari wa rangi juu ya kila ekstensheni kuonyesha jino la ndani linaishia wapi. Chora na ncha nazo kwa rangi hiyo hiyo, maana kutoka kwenye kiti huzioni. Katikati ya uzito wa mzigo isivuke mstari huo hata siku moja.

6. Funga uzito nyuma ya trekta.

Hapa nawaomba msikilize vizuri. Trekta nyingi zina breki kwenye magurudumu ya nyuma tu. Mzigo wa mbele ukiyapunguzia uzito magurudumu hayo, unakanyaga breki na trekta inaendelea kwenda, hasa kwenye mteremko. Tena ekseli ya mbele imeshikwa kwa pini ya katikati, inacheza juu na chini, kwa hiyo kinachozuia trekta isilale ubavu ni ekseli ya nyuma. Nyuma ikipepea, huna breki na huna kizuizi cha kupinduka, kwa wakati mmoja.

Njia rahisi ni kufunga plau au jembe zito kwenye mikono ya nyuma na kulinyanyua kidogo tu kutoka ardhini. Njia nzuri zaidi ni tofali la zege. La sentimita 60 kwa 60 kwa 80 lina kama kilo 690, ukilimwaga na vyuma vya kulishikia kwenye zile pini tatu za kufungia zana nyuma ya trekta. Angalia kwenye kitabu cha trekta kwamba mikono ya nyuma inauweza uzito huo. Maji ndani ya matairi ya nyuma yanasaidia pia, lakini hayatoshi peke yake, kwa sababu yapo juu ya ekseli. Uzito ulio nyuma ya ekseli ndio unaoipunguzia ekseli ya mbele mzigo.

Pima upepo wa matairi ya mbele kufuatana na kitabu. Ingiza gia ya magurudumu manne kama unayo, ili ekseli ya mbele nayo isaidie kushika breki.

7. Tembea njia kwa miguu.

Kutoka mashine ilipo mpaka inapokwenda, tembea. Tafuta mashimo, mifereji ya umwagiliaji, madaraja ya magogo, nyaya za umeme zilizolegea, matawi. Mkiwa kwenye udongo mweusi wa mbuga baada ya mvua, subirini ukauke. Udongo huo ukiushika tairi moja la mbele huku mzigo uko hewani, trekta inainama upande huo na hakuna la kufanya ukiwa kitini.

Andaa mahali pa kuishusha kabla hujainyanyua: mbao zipangwe tayari, nafasi ya kurudi nyuma iwepo. Watoto, mbuzi na watazamaji waondoke. Hakuna mtu kusimama mbele ya ncha wala chini ya mzigo.

8. Ingiza meno.

Funga mkanda wa kiti, kama trekta ina fremu ya kinga, ile inayomlinda dereva trekta ikipinduka. Ingia ukiwa umenyooka, taratibu, meno yakiwa sambamba na ardhi, mpaka mashine iguse fremu ya loda au ikaribie kabisa. Shuka uangalie upande wa pili. Fremu ya mashine ikalie kila ekstensheni kwa sehemu zisizopungua mbili, mojawapo ikiwa karibu na kisigino. Ikiwa uzito wote umekalia ncha, toka nje uanze upya.

Angalia pia kama ncha zimechomoza. Ekstensheni iliyotokeza nusu mita mbele ya mzigo ndiyo inayotoboa tairi la lori au ukuta wa ghala.

9. Nyanyua sentimita tano, usubiri.

Tano tu. Hesabu mpaka ishirini huku mwenzako akiangalia. Je, matairi ya nyuma bado yamekandamiza ardhi? Mashine imelala sawa? Ekstensheni zimejikunja kwenye ncha? Loda inashuka yenyewe? Jibu moja likiwa baya, shusha. Marekebisho yote yanafanyika mzigo ukiwa chini.

10. Funga mzigo.

Laza meno nyuma kidogo, kisha pitisha mikanda ya racheti kutoka kwenye fremu ya mashine hadi kwenye fremu ya loda. Usiifunge mashine kwenye ekstensheni pekee. Funga pia kila kinachofunguka: mabawa ya bomba la dawa, vifuniko, minyororo.

11. Safiri.

Mzigo uwe chini, sentimita 15 hadi 30 kutoka ardhini, kwa mwendo wa mtu anayetembea. Kona ikatwe kwa mapana, maana ncha zinafagia eneo kubwa kuliko unavyodhani. Usikanyage breki kwa ghafla, na usiinue loda trekta ikiwa inatembea.

Kwenye mteremko mzigo ukae upande wa juu wa kilima siku zote: unapanda ukiangalia mbele, unashuka kwa kurudi nyuma. Usikate mteremko ubavu. Mzigo ukikuziba macho, mfuate mwelekezaji. Ukimpoteza machoni, simama.

Ukihisi trekta inaanza kuinuka, shusha mzigo mara moja lakini kwa ulaini. Usiruke nje. Bakia ndani ya fremu ya kinga ukiwa na mkanda.

12. Shusha na uondoke.

Simama, hendibreki juu, shusha mashine juu ya mbao. Fungua mikanda baada ya mzigo kutulia kabisa. Rudi nyuma umenyooka, ukiangalia kama ekstensheni zinatoka pamoja na meno.

Kama unapakia kwenye lori, likaribie mzigo ukiwa chini, unyanyue ukiwa umeshafika ubavuni mwake, uingize, ushushe. Loda nyingi za kawaida hazijisawazishi zenyewe: kadiri mikono inavyopanda, meno yanalala nyuma, na mashine isiyofungwa inaweza kuteremka juu ya mikono mpaka kwa dereva. Sawazisha meno kidogo kidogo unapopanda.

Makosa ninayoyaona zaidi

Kumweka mtu akae nyuma ya trekta ili "kuongeza uzito". Mtu mmoja ana kilo sabini. Haziokoi trekta, na trekta ikiruka yeye ndiye anayerushwa. Weka zege.

Kuchomoa mashine iliyokwama kwa kuyumbisha ncha kushoto na kulia. Ekstensheni inapinda kwa namna ambayo huioni kwa macho, na siku nyingine haitaingia kwenye jino.

Kumwambia fundi apandishe presha ya haidroliki kwa kukaza valvu ya kupunguzia presha. Loda itanyanyua zaidi, ndiyo, lakini pini, silinda na meno vimebaki vile vile. Valvu ile inapofunguka ndiyo inakuambia umefika mwisho.

Kufanya kazi na ekstensheni moja tu kwa sababu ya pili imepotea. Mzigo wote unaangukia jino moja.

Kutumia ekstensheni za foklifti kubwa ya bandarini kwenye meno madogo ya trekta kwa kuwa zilipatikana kwa bei nzuri. Zinapwaya, na uzito wake peke yake unaweza kumaliza nusu ya uwezo wako.

Kukitokea tatizo

Matairi ya nyuma yanapepea. Shusha. Sogeza mzigo karibu na kisigino, ongeza uzito nyuma, au vua vipande vya mashine. Kama katikati ya uzito ipo mbali na haisogei, hesabu yako ya hatua ya 3 ilikuwa na makosa, ipige tena.

Loda inalia lakini hainyanyui. Valvu imefunguka, mzigo umezidi. Kama mzigo una uhakika nao na jana uliunyanyua, angalia kiwango cha oili ya haidroliki na chujio.

Loda inanyanyua, kisha inashuka taratibu. Mpira wa silinda unavuja ndani, au valvu ya kuongozea imechoka. Shughuli nyepesi inaweza kuendelea, lakini mashine nzito iahirishe mpaka itengenezwe.

Mzigo unainama kushoto au kulia. Mara nyingi meno hayako sawa kutoka katikati, au upande mmoja wa mashine ni mzito. Shusha, sogeza trekta kuelekea upande mzito, ujaribu tena. Usijaze nafasi kwa mbao juu ya ekstensheni moja; mbao itateleza njiani.

Meno hayaingii chini ya mashine. Ekstensheni ni nene kuliko jino tupu, kwa hiyo nafasi iliyotosha jana haitoshi leo. Inua mashine kwa jeki upande mmoja baada ya mwingine, ukiweka mbao kila hatua. Asiingize mtu mkono chini yake.

Ekstensheni zinapiga kelele na kucheza. Angalia pini, kisha upana. Kama ni pana kuliko jino, tafuta za kipimo chako. Kipande cha bati kilichosukumiwa ndani kitatoka katikati ya safari.

Ekstensheni haitoki kwenye jino. Tope limekauka, au imepinda. Mwagia maji, igongegonge kwa nyundo ya mbao kutoka kwenye kisigino kuelekea ncha. Ikitoka, ilaze juu ya sakafu tambarare. Ikiwa inayumba, imepinda, na ekstensheni iliyopinda hainyooshwi kwa moto. Iweke kando na uipake rangi nyekundu ili asije mtu mwingine akaivaa.

Imebaki chini ya mashine, pini haikuwepo. Usiivute kwa mnyororo mashine ikiwa juu yake. Rudisha meno ndani yake polepole, tia pini, kisha nyanyua sentimita chache, weka mbao, ushushe mashine juu ya mbao, urudi nyuma.

Ukimaliza kazi, zivue siku hiyo hiyo, zisafishe, zipake oili nyepesi, uzilaze ndani ya banda juu ya vipande vya mbao, pini zake zikiwa zimefungwa kwa waya kwenye ekstensheni yenyewe.